Miaka Niliyoiacha Kanisani

Nina kazi mbili. Siku za wiki mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, kwenye dirisha la vizazi na vifo. Watu huja na karatasi za hospitali na barua za chifu, nami huwaandikia kwamba fulani amezaliwa au fulani hayupo tena. Jumapili mimi ni mkalimani wa kanisa. Mhubiri mgeni akija na Kiingereza chake, mimi husimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma, na kila akimaliza kipande nakitoa kwa Kiswahili kabla watu hawajapepesa macho. Akinyoosha mkono, nami nanyoosha. Akinong'ona, nanong'ona. Ofisini nimekemewa kwa uvivu zaidi ya mara moja, lakini kanisani hakuna aliyewahi kunilaumu, na sitaficha kwamba kazi hii ya pili ndiyo niliyokuwa nikijivunia.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa baiskeli wa kwetu Lugari, ambaye aliwatafsiria wahubiri tangu enzi za mikutano ya hema. Alikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza, usimwache mhubiri akupite. Ya pili, usieleze, sema. Ya tatu aliirudia kila mara huku akijaza upepo kwenye gurudumu la mtu: namba hupoza kanisa. Mgeni akisema watu elfu tatu mia mbili na kumi na saba, wewe sema umati. Akitaja mwaka, wewe sema zamani. Watu hawakuja kuhesabu. Nimeishi na kanuni hizo miaka ishirini na hazikuwahi kuniangusha, mpaka siku ile ya bahari. Hata sasa sijui vizuri kama kosa lilikuwa langu, la yule fundi, au la bahari yenyewe.

Niseme kwanza habari za kwetu, maana bila hizo hakuna kitakachoeleweka. Baba alitoka Butere akanunua kipande katika shamba lililokuwa la mzungu, akawa mkulima wa mahindi Lugari, na akazikwa hapo hapo, kati ya nyumba na ghala. Mama bado yupo, na bado anagombana na magugu yake mwenyewe. Jirani mmoja ni Mbukusu, mwingine Mkikuyu, kwa hiyo Kiswahili kiliingia hadi jikoni kwetu, na lugha yetu tumeiachia mambo mazito. Dada yangu mdogo, mwalimu wa chekechea, aliolewa Nyandarua, ng'ambo ya Bonde la Ufa, na Mkikuyu mkulima wa viazi mwenye maneno machache. Miaka minne iliyopita aliugua akafa, akazikwa kwa mume wake kama inavyotakiwa. Aliacha wasichana wawili.

Yule wa pili alipewa jina la mama yetu. Kwa Wakikuyu ndivyo ilivyo, binti wa pili huitwa bibi yake mzaa mama, na bibi mwenyewe akiwa hai ni heri zaidi. Kwetu sisi jina husubiri mwenye jina azikwe kwanza. Mama alipoletewa habari hiyo, akitarajiwa kufurahi, aliuliza, "Kwani wamenimaliza?" Tangu siku hiyo hakuwahi kumwita mtoto yule kwa jina. Alimwita "huyu mdogo", hata kwenye simu, hata mbele ya mama yake mtoto, na dada yangu ilimuuma akavumilia.

Basi mwaka jana, mvua za masika zilipozidi, picha ya barabara iliyopasuka huko Bonde la Ufa ilianza kuzunguka kwenye simu za watu. Ilikuwa ya juzi au ya zamani, hakuna aliyejua, lakini vijana wa kwetu walianza kusema dunia inamalizika. Mchungaji alichoka na maswali. Akasikia kwamba mjini Kakamega amepanga chumba mama mmoja wa makamo kutoka ng'ambo, mtafiti wa miamba, aliyekuwa akizunguka akigonga mawe ya kwetu kwa nyundo. Akamwomba aje Lugari baada ya ibada, awatulize watu kwa elimu. Mimi nikaitwa nimtafsirie. Nilivaa suti ya kijivu.

Alianza vizuri. Alisema ardhi tunayoikanyaga haikukaa tuli, inasogea. Nikatoa: "Nchi inatembea!" Kanisa likajibu, "Amina." Akaongeza kwamba inasogea polepole sana, kama ukucha unavyoota, lakini ile amina ilikuwa bado haijaisha na ukucha wangu ukapotelea humo ndani. Akasema zamani mabara yote yalikuwa kitu kimoja, yakapasuka, yakaachana. Hiyo niliiweza. Akasema Afrika yetu nayo inajaribu kupasuka, na Bonde la Ufa ndilo pengo lenyewe. Hiyo pia niliiweza, nikanyoosha mikono miwili nikaitenganisha kama alivyofanya yeye.

Halafu akasema kwamba mabara yakipasuka na kuachana, bahari hupanda.

Hapo nilikwama. Mimi nilijua kinyume. Ukichimba shimo pembeni mwa dimbwi, maji ya dimbwi yanapungua, yanaingia shimoni. Ardhi ikiachia nafasi mpya, maji si yatashuka? Nikamtazama yule mama kama amekosea, naye akanitazama akingoja. Sekunde mbili hivi. Katika ukalimani sekunde mbili ni aibu kubwa. Akadhani nimemaliza, akaendelea, akanipita, na mimi nikaanza kumkimbiza.

Mtu anayekimbiza mwenzake hutupa mzigo, na mzigo mzito kwangu ulikuwa miaka. Kila sentensi yake ilikuwa na mkia wa mamilioni ya miaka. Mara ya kwanza nilisema "miaka mingi sana". Mara ya pili nikasema "miaka". Mara ya tatu nikauacha, kwa sababu kweli ulikuwa unapoza, na nikaona sentensi bila mkia zinatoka vizuri zaidi. Nchi inapasuka. Sakafu ya bahari inavimba. Maji yanapanda. Yanaingia nchi kavu. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja vitini, na mzee wa kanisa akasema, "Bwana asifiwe," kwa sauti ya mtu anayeaga. Yule mama, asiyejua neno la Kiswahili, alitabasamu kuona anavyopokelewa.

Mchungaji alifunga kwa sala ya kujiweka tayari. Watu waliokuja kutulizwa walitoka wakitazama chini walipokanyaga.

Mama yangu alikuwa amekaa benchi la pili na akina mama wenzake. Niligundua baadaye kwamba sikusikia amina yake hata moja.

Nyumbani alikuwa ameacha ingokho, kuku wa kienyeji, jikoni, na tukala na obusuma, ugali wa kwetu, bila mazungumzo mengi. Kisha akaenda kugeuza mahindi yaliyoanikwa uani juu ya magunia mawili yaliyotandazwa pamoja, nami nikamfuata nikiwa bado nimelewa sifa za kanisani.

"Hiyo ufa inapitianga wapi?" akaniuliza.

Laiti ningesema sijui, maana ndiyo ilikuwa kweli. Badala yake nilichuchumaa nikawa mwalimu. Nikasafisha nafasi kwenye magunia, nikaweka punje moja ya mahindi: hapa ni sisi, Lugari. Nikaweka nyingine: hapa Butere, alikotoka baba. Pale magunia yalipokutana nikasema ni Bonde la Ufa. Nikaweka punje ya tatu kwenye gunia la pili nikasema, "Na huku ni Nyandarua." Kisha, ili aelewe vizuri, nikashika gunia la pili nikalivuta.

Lilisogea vizuri sana. Udongo wa ua ukaonekana katikati. Mama alitazama ile punje ikienda na gunia lake.

"Na hapa katikati?"

"Bahari, Mama."

Aliinama akaiokota ile punje ya Nyandarua, akairudisha upande wetu, akaiweka karibu na ya Lugari. Mimi nikacheka, nikamwambia haiendi hivyo. Nilicheka kweli, na ndicho kitu ninachokionea aibu kuliko vyote katika habari hii.

Siku ya Jumatano alinipigia simu ofisini, jambo asilolifanya. Nilikuwa na foleni dirishani.

"Wewe si ndio unaandikanga watu wa kuzikwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wa kufukuliwa?"

Nikamwambia hiyo ina fomu yake, tena ina njia ndefu, kuna mahakama, kuna daktari wa afya, lazima na mwenye boma akubali. Nilimweleza yote kama ninavyomweleza mtu yeyote wa dirishani, huku nikigonga muhuri wa mtu mwingine, na sikuuliza ni ya nani. Akasema, "Basi niletee hiyo fomu. Nataka mtoto wangu aje huku kabla ya maji." Nikabaki na muhuri mkononi.

Kabla sijajua la kufanya, shemeji yangu wa Nyandarua akapiga. Yeye hupiga simu Krismasi na mtu akifa.

"Shemeji, mama amenipigia. Anasema anataka kumchukua mama watoto. Nimemuuliza ni kwa nini, ananiambia bahari."

"Ndiyo," nikasema.

"Bahari gani, Shemeji? Sisi huku ni viazi na baridi." Akashusha sauti. "Kama kuna kitu nilikosea wakati ule, hospitalini, au kwa mazishi, afadhali mniambie kama watu. Msinizungushe na bahari."

Nilijaribu kumweleza. Nilisema ni mambo ya mabara, ya sakafu kuvimba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba nasema upuuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akasema sawa, akakata simu. Nilijua hapo kwamba nimeharibu. Familia mbili zilizokuwa zikitembeleana, watoto wawili waliokuwa wakija kwetu likizo kula mahindi mabichi, yote yangeweza kuisha kwa sababu mimi niliruka namba.

Jioni hiyo, chumbani kwangu, nilijaza maji kwenye beseni la kufulia nikaanza kufanya sayansi, mtu mzima na mvi zake. Niliweka vibao viwili kando kando vikiwa mabara. Nikavitenganisha. Maji hayakupanda wala kushuka, vibao vilielea tu vikigongana kwa ujinga. Nikaweka jiwe chini, maji yakapanda. Vizuri, lakini hilo jiwe katika bahari ya kweli linatoka wapi? Nikaliondoa, nikalirudisha. Nilikaa hapo nikitazama beseni na nikakasirika, maana nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima nikasema jambo kwa sauti ya uhakika na sikulielewa hata robo.

Nikamwandikia yule mtafiti, nikamwambia ukweli wote, pamoja na habari za dada yangu. Alinijibu kwa sauti iliyorekodiwa, ndefu, akisema taratibu kama anayenihurumia.

Alisema bara likipasuka halibaki shimo tupu. Kutoka chini hupanda mwamba wa moto, unakuwa sakafu mpya ya bahari, na kwa kuwa ni wa moto umevimba, unakaa juu, unachukua nafasi ya maji. Hilo ndilo jiwe langu la beseni. Maji yanakosa pa kukaa, yanapanda juu ya nchi za chini. Pia bara lenyewe likivutwa hunyooka na kuwa jembamba, linatambaa mbali zaidi na kuibana bahari. Baadaye ile sakafu inazeeka, inapoa, inadidimia, na bahari inashuka tena. Na mabara yakirudi kugongana, yanajikunja na kuwa milima, yanashika nafasi ndogo, bahari inapata uwanja mpana na maji yanashuka. Kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kila mara kwa mamilioni na mamilioni ya miaka. Akanionya nisichanganye na kule kupanda kwa bahari kunakotajwa redioni siku hizi, kwa sababu ya joto na barafu kuyeyuka. Kule ni kwa haraka, ni kwa maisha yetu, na hakuletwi na Bonde la Ufa. Mwisho akasema kwamba huenda Afrika isipasuke kabisa. Nyufa nyingine huanza kisha zikaacha. Tena kuna ufa mwingine upande wa Uganda, kwa hiyo sisi wa Kakamega tuko katikati ya nyufa mbili, na hakuna ajuaye kwa hakika upi utafanya nini.

Nilisikiliza mara tano. Mara ya tano nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko ya kwanza, lakini sasa nilikuwa na miaka yangu yote mkononi, na nilidhani miaka itatosha.

Jumamosi nikaenda Lugari. Mama alikuwa akipukuchua mahindi kwa mkono. Nilikaa kushoto kwake, nikamwambia kwamba kanisani nilikosea, nikaweka simu kwenye kigoda, na nikatafsiri sauti ile kipande kwa kipande. Kila palipotajwa milioni nilisema milioni. Nilisema makumi ya mamilioni. Niliisimamisha simu nikamweleza kwamba tangu babu wa babu wa babu yake mpaka leo haijafika hata kidole cha miaka hiyo. Sijawahi kutafsiri kwa uaminifu hivyo, na yule fundi angekuwepo angeniondoa mimbarani.

Mama aliendelea kupukuchua. Aliposikia habari ya sakafu ya moto akasema, "Kama mandazi. Ikiwa moto inavimba, ikipoa inakaa chini." Akaelewa kwa pumzi moja kitu kilichonishinda jioni nzima kwenye beseni. Nikapata moyo.

"Kwa hivyo unaona, Mama. Hakuna haraka."

"Hiyo miaka itaisha ama haitaisha?"

"Itaisha, lakini..."

"Siku hiyo itaisha, wewe utakuwa?"

"La."

"Mimi nitakuwa?"

"La, Mama."

"Na yeye?"

Nikaokota punje zilizoangukia miguuni.

"Yeye atakuwa hapo hapo tu," akasema. "Wewe unahesabu miaka kama mtu wa kwenda kazi Jumatatu. Yeye haendi mahali. Hiyo maji itamkuta."

Nikamkumbusha kwamba mtafiti alisema huenda ufa ukaacha. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze.

"Huenda," akasema. "Hata daktari wake alisema huenda."

Nilikuwa nimekuja na miaka milioni ngapi sijui, na yote haikuweza kuziba mahali hapo padogo. Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, yote mawili kwa pamoja, na sikufanya hata moja. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kwenda kwa mkwe wake, aombe mwenyewe, mdomo kwa mdomo, na mimi nije na fomu.

Tukaenda. Fomu niliikunja nikaiweka mfuko wa ndani wa koti la ile suti. Tulipofika Nakuru nilimwambia kwamba sasa tuko ndani ya Bonde la Ufa.

"Ndani kabisa?"

"Ndani kabisa."

Akatazama dirishani kwa muda. "Na mbona hawa wanauzanga viatu?" akauliza. Nilitazama na mimi. Kweli walikuwa wakiuza viatu, vimepangwa kando ya barabara, na nyuma yao watu walikuwa wakijenga ghorofa.

Nyandarua kulikuwa na baridi na ukungu. Shemeji alitupokea akiwa amevaa shati la kanisani siku isiyo ya kanisa, na mama yake akatuandalia chai na viazi. Watu walikuwa wapole kupita kiasi, ule upole wa watu wanaongoja kushtakiwa. Chai ilipoisha shemeji alisema, "Mama, kama kuna kosa, mimi niko hapa." Mama akamwambia hakuna kosa, anataka kwanza kumwona mtoto wake. Tukatoka.

Kaburi liko mwisho wa shamba la viazi, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Yule msichana wa pili alikuwa hapo, miaka minane hivi, amekaa ukingoni mwa kaburi, daftari likiwa mapajani. Alisimama haraka kama aliyekutwa mahali pasipo pake.

"Unafanya nini hapa?" Mama akamuuliza.

"Mimi husomea hapa, Shosho. Ndani kuna kelele."

"Kila siku?"

"Kama hakuna mvua."

Mama alimtazama yule mtoto. Alitazama na mahali alipokuwa amekaa, ambapo nyasi zilikuwa zimelala kwa kukaliwa. Kisha akageukia kaburi akaanza kusema, na hakusema kwa Kiswahili, alisema kwa lugha yetu, kwa sauti ile ile anayoitumia akimwita mtu aliye jikoni.

Shemeji akanisogelea. "Anasema nini?"

Sikukusudia, lakini miguu yangu ilikwenda yenyewe, nikajikuta nimesimama kushoto kwa mama, nusu hatua nyuma. Akamaliza kipande, nikakitoa.

"Nimekuja kukuchukua."

Shemeji akainamisha kichwa.

"Wamesema nchi itapasuka, na maji yatakaa kati yako na mimi."

Mama akaendelea, na nilipomsikia nilichelewa, kwa sababu sikutarajia. Aliyataja yote. Hakuruka kitu.

"Si leo," nikatafsiri. "Ni baada ya mamilioni na mamilioni ya miaka. Na huenda isiwe. Chini patavimba, maji yatapanda, halafu patapoa, yatashuka tena. Mimi sitakuwepo. Kaka yako huyu hatakuwepo."

Kwa mazoea yangu ya miaka ishirini ningekata hapo, niseme neno moja la kufunga. Mama alikuwa akiningoja. Akarudia ile huenda, nami nikaitoa mara ya pili.

"Siwezi kumwacha baba yako kule peke yake. Nikasema basi wewe ndiye utakuwa peke yako huku, wakati huo wote."

Mama akamtazama tena yule mtoto. Akasema kipande kifupi, nami nikakitoa vile vile kilivyo, neno kwa neno, bila kuelewa, kama nilivyowahi kutoa sakafu ya bahari:

"Kumbe wewe mwenyewe ulishaniweka huku."

Shemeji alinitazama nimweleze. Mama alijipangusa mikono kwenye leso, akaniambia kwa Kiswahili, "Hiyo karatasi yako rudisha ofisini." Halafu akamgeukia yule msichana, aliyekuwa bado amesimama na daftari lake, akamwita kwa jina, jina lake yeye mwenyewe, akamwambia atuletee maji ya kunawa. Mtoto alichelewa kidogo kuitika, kwa sababu kutoka mdomo ule hakuwahi kulisikia.